Uliizima, au Uliilaza?

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mshonaji. Kompyuta sizijui na sina mpango wa kuzijua. Ninayemjua ni Wilibrodi, kwa sababu tunagawana fremu moja ya duka hapa Karatu, njia ya kushukia sokoni. Upande wa kulia ziko cherehani zangu mbili na vitenge vya wateja; upande wa kushoto iko meza yake, na juu yake kompyuta mbovu za nusu ya mji. Katikati kuna pazia nililolishona mwenyewe, na tangu nilitundike halijafungwa hata siku moja, maana napenda kuona kinachoendelea.

Alikuja mwaka ule wa korona. Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo kwenye loji moja huko juu, karibu na geti la Ngorongoro, na kompyuta alijifunzia humo humo, jioni, akishamaliza kupanga mashuka. Wageni walipoacha kuja, loji ikawarudisha watu makwao. Wilibrodi akarudi kwao Endamarariek, akalima mbaazi msimu mmoja, akaona mbaazi na yeye haziivani, akaja kuniomba nusu ya fremu. Nilimkubalia kwa sababu ana sauti ya chini. Mimi Sifa ni binti wa vibarua wa Singida waliokuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya huku. Nimekulia kambini kwa watu wa makelele, na makelele niliyonayo yanatosha fremu nzima.

Mteja akiweka kompyuta mezani, Wilibrodi haulizi kwanza imeharibika nini. Anauliza, "Uliizima, au uliilaza?" Mtu anashangaa. Yeye anasubiri. Kwake hilo ni swali kubwa kuliko yote. Kompyuta iliyozimwa, anasema, imerudisha kila kitu mahali pake ndipo ikaondoka. Iliyolazwa bado imeshika mambo mikononi, na ukiishtua vibaya inayaangusha. Mimi mwenyewe ananiuliza kuhusu simu yangu kila nikimpelekea, mpaka nimewahi kumwambia akaoe, apate wa kumuuliza hayo nyumbani. Akacheka tu, kwa sauti ile ile ya chini.

Mwishoni mwa Juni akaingia mama mmoja wa Kimaasai, mrefu, shuka la bluu, amekumbatia begi la laptopu kama mtoto mgonjwa. Alikuwa ametoka Wasso alfajiri, na vumbi la njiani lilikuwa mpaka kwenye kope. Akajitambulisha kwa jina la Nalangu. Akatoa laptopu mbili, moja kuukuu yenye mkanda wa gundi ubavuni, nyingine mpya bado iko kwenye nailoni yake.

"Hii ya zamani ni ya mume wangu," alisema. "Alikuwa mwalimu. Ametuacha mwezi wa pili. Nataka vilivyomo humu vihamie kwenye hii mpya."

"Pole sana, mama," Wilibrodi akasema. Akaipokea ile kuukuu kwa mikono miwili, na hakuuliza kitu kingine chochote. Hata lile swali lake hakuuliza. Nililiona hilo, nikalipita.

Akaiwasha. Ilizunguka kidogo, ikapata joto, ikajizima yenyewe. Feni yake ilikuwa imekufa, na kwa dakika zile chache Wilibrodi alikuwa ameshaona tatizo la pili. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na kompyuta nyingine. Si ya kushika kwa mkono. Ni kompyuta ya zamani inayoishi yote ndani ya programu, ina skrini yake, ina mafaili yake, inajiona iko peke yake duniani. Wilibrodi anaiita mashine pepe. Mimi nilisema ile kompyuta ni mjamzito, na Mama Nalangu akacheka kwa mara ya kwanza.

Sababu ya ile mimba ilikuwa kitabu. Mwalimu alikuwa na programu ya kizamani ya kuandikia vitabu, aliyopewa na padri mmoja miaka mingi nyuma, na programu hiyo haikubali kufanya kazi kwenye kompyuta za siku hizi. Rafiki yake akamtengenezea ile kompyuta ya ndani ili programu ipate pa kuishi. Sasa, ile programu iliyobeba mashine pepe kwenye laptopu kuukuu haiwezi kuwekwa kwenye hii mpya, toleo lake limeshapitwa. Ilibidi kompyuta ya ndani ihamishwe nzima nzima, itoke kwenye mbebaji mmoja iingie kwa mwingine. Wilibrodi alisema inawezekana. Akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Nilimchemshia mama chai, maana gari la kurudi lilikuwa kesho yake, na ndipo akanieleza kitabu chenyewe ni cha nini. Kilikuwa kitabu cha ng'ombe wa boma lao. Kila mtoto alipozaliwa, Mwalimu alimpa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, watoto wa kike kwa wa kiume sawasawa, na watu walimcheka kwa hilo. Mitamba ikazaa, ukame ukaja ukachukua wengine, na aliyekumbuka nani katoka kwa nani alikuwa yeye peke yake. Kwa hiyo akaanza kuandika, kila mtoto na ukurasa wake. Ukurasa wa Loserian ulikuwapo, wa Lomayani ulikuwapo. Wa mwisho ungekuwa wa binti, Sintamei, muuguzi huko Singida, ambaye ndiye aliyenunua laptopu mpya.

"Krismasi baba yake alimpigia simu," Nalangu alisema. "Akamwambia njoo umwone ng'ombe wako. Kila mwaka anamwambia hivyo. Mtoto katoka kazini, amechoka. Akamjibu, baba, mimi sihitaji ng'ombe, nahitaji usingizi. Baba yake akasema sawa. Baada ya hapo ni salamu tu. Mwezi wa pili ndiyo tukampoteza."

Aliweka kikombe chini. "Sasa anataka kujua jambo moja. Kama baba yake alimwandikia, au alilishika neno lake akamwacha. Mimi namwambia alikuwa anaandika, nilimwona asubuhi ile ile ya kumpeleka hospitali. Ananiambia, mama, unanifariji tu."

Siku zile mbili tatu Wilibrodi alifanya kazi yake kama kawaida yake, polepole. Alitoa diski kwenye ile kuukuu, akanakili yote, maana hagusi kamwe kitu cha asili, anafanyia kazi nakala. Akaichukua kompyuta ya ndani kwenye nakala ile, akaibadilisha umbo, akaiingiza kwenye programu mpya ya bure. Ikawaka. Ikaomba neno la siri, naye akalifuta kwa njia wanazozijua mafundi, ili asimsumbue mfiwa kwa simu. Kitabu kikafunguka. Akafurahi, akanunua chapati mbili, moja akanipa mimi.

Nalangu aliporudi katikati ya Julai, tulimkalisha kwenye kiti changu chenye mto. Wilibrodi akafungua. Ukurasa wa Loserian. Ukurasa wa Lomayani. Halafu hakuna. Akashuka mpaka mwisho, akapanda, akashuka tena. Nalangu akamtazama, akautazama ule weupe, akasema, "Basi."

Akampigia binti yake pale pale, akaongea naye Kimaasai, kisha yule binti akageukia Kiswahili, nadhani alitaka na sisi tusikie. "Nilijua, mama. Nilimwambia sihitaji. Msihangaike tena, mwambie fundi nimeshukuru."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilimwona mama wa watu amekaa na simu mapajani, nikamgeukia Wilibrodi. "Wewe kila siku unanitesa, Sifa uliizima, Sifa uliilaza, kwa kisimu cha tochi. Huyu mama ulimuuliza?"

Nikaona shingo yake inabadilika rangi.

"Sikumuuliza," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilivyolelewa na bibi, mtu akiwa na msiba humuulizi marehemu alifanya nini na nini. Unasema pole, unafanya kazi." Akavuta kiti, akakaa karibu na Nalangu, akainamisha kichwa. "Naomba unisamehe, mama. Laptopu yenyewe niliikuta imezimwa vizuri, nikadhani na ya ndani imezimwa. Wakati nahamisha, programu ilinionya kwa mstari mmoja, nikabonyeza endelea. Sasa nakuuliza. Ile kompyuta ya ndani, Mwalimu alikuwa anaifungaje?"

Nalangu akafikiri. "Alikuwa anaiambia ilale. Ya ndani inachelewa sana kuamka ikizimwa, na umeme wetu ni wa sola, hakutaka kuupoteza. Anabonyeza, inazunguka, inalala. Halafu ndiyo anazima hii kubwa."

"Na asubuhi ile?"

"Tumbo lilimshika hapo hapo mezani. Alibonyeza hivyo hivyo, akazima, akasema twende."

Wilibrodi alisimama, akaenda kwenye ile diski ya zamani, akatafuta. Alipopata alichokitafuta aligeuza skrini atuonyeshe, ingawa mimi niliona mstari wa herufi tu. Alisema lile ni faili la usingizi. Kila kilichokuwa wazi asubuhi ile, kilichoandikwa bila kuhifadhiwa, kilikuwa kimelala mle tangu Februari. Alipohamisha kwa njia yake ya kawaida, alichukua diski ya ile kompyuta ya ndani akaacha usingizi nyuma.

"Basi uhamishe na usingizi," nikasema.

"Hauhamishiki. Programu mpya haiujui. Inabidi aamshwe kule kule alikolala, kwenye laptopu ile ile, tuhifadhi ukurasa kama upo, tumzime vizuri, ndipo ahame." Bila kujua alikuwa ameanza kusema *aamshwe*, kama mtu. "Na laptopu yenyewe haimalizi dakika kumi bila feni. Nimeuliza feni ya aina hii mpaka Arusha, hakuna. Ikifia mikononi, hatuna pengine pa kumwamshia."

Nalangu akauliza tutafanyaje. Wilibrodi akatoka nje, akaangalia mawingu yaliyokalia mlima, akarudi. Akasema, "Kesho asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Kwenye baridi."

Watu wa pwani hawawezi kuelewa baridi ya Karatu mwezi wa saba. Ukungu unashuka barabarani mpaka huoni duka la jirani, na vidole vyangu havishiki sindano mpaka saa tatu. Nalangu alilala kwangu, na saa kumi na mbili tulikuwa tumeshafungua fremu. Wilibrodi alikuwa amerudisha diski kwenye laptopu kuukuu na kuifungua mfuniko wa chini. Akaiweka barazani, juu ya vyuma viwili ili upepo upite chini, na mimi nikavuta feni yangu ya mezani nikaiwasha kwenye baridi ile, wapita njia wakanitazama kama nimerukwa na akili.

Akaiwasha. Akafungua programu ile ya kubeba. Pale palikuwa na picha ndogo ya kompyuta ya ndani, imefifia, na alama ya kulala. Akabonyeza mara moja, akaondoa mkono.

Mstari ukatembea polepole. Kisha skrini ikawaka, na kabla hatujaona kitu ikajifunga, ikaomba neno la siri. Ilikuwa imeamka ikakuta miezi mitano imepita, Wilibrodi akasema, ikadhani mwenyewe kaondoka.

"Lifute kama lile la mwanzo," nikamwambia.

"Kulifuta mpaka niizime. Nikiizima tumepoteza." Akamgeukia Nalangu. "Mama, unalijua neno la siri?"

Nalangu alikuwa analijua. Nilimwona usoni kwamba analijua. Lakini alifunga mdomo, akatazama ukungu.

Dakika ikapita. Wilibrodi akagusa ubavu wa laptopu, akatoa kidole haraka. Mimi nikashindwa kuvumilia. "Mama, sema basi, hatutamwambia mtu. Inaungua hii."

"Siyo kwamba siwaamini," alisema polepole. "Ni jina lake. Lile la utotoni, alilopewa na mama yake. Kwetu mtu akishaondoka, jina lake hatulitamki. Mimi mkewe ndiyo kabisa."

Nadhani ni mara chache sana mtu ameninyamazisha hivyo. Wilibrodi aliinua laptopu na vyuma vyake, akaigeuza taratibu mpaka kibodi ikamwelekea Nalangu.

"Usilitamke, mama. Liandike."

"Litaonekana?"

"Halitaonekana. Vitatokea vidoti vyeusi tu. Mimi na Sifa tutaangalia barabarani."

Tukaangalia barabarani. Nalangu alikuwa anajua kusoma. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha, baada ya ndoa, jioni darasani kwake watoto wakishatoka. Lakini hakuwahi kuandika kwenye mashine, na herufi kule hazijapangwa kama alivyofundishwa. Tulisikia kidole kimoja. Kimya kirefu. Tena kidole. Feni yangu inapuliza, laptopu inanuka plastiki ya moto, na mimi, ambaye siombi mara kwa mara, niliomba.

"Tayari," alisema.

Ukurasa ulikuwa wazi. Sintamei, imeandikwa juu. Chini yake mistari, na mwishoni kile kijiti kidogo kinachowakawaka kusubiri mtu aendelee.

Wilibrodi hakusoma. Alihifadhi kwanza, akahifadhi na mara ya pili. Ndipo akamwambia mama asome, ila asome upesi. Nalangu akafuata mistari kwa kidole, akasoma kwa sauti:

"Siku Sintamei alipozaliwa nilimpa mtamba mwekundu, Nanyokie. Nanyokie akamzaa Narok, yule mweusi. Narok alizaa watatu, ukame ukachukua wawili. Aliyebaki ni mwenye baka jeupe shingoni, ambaye mama yake Sintamei humkamua wa kwanza kila asubuhi bila kujua ni wa nani. Sintamei ananiambia hahitaji ng'ombe. Sawa. Ng'ombe ni wake hata hivyo. Akichelewa kuja, atamkuta. Nitamwambia Loserian kwamba huyu hauzwi. Nitamwambia pia"

Hapo ndipo tumbo lilipomshika.

Nalangu alibaki na kidole palepale. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Juzi nimemkamua," alisema. "Nimemkamua nikamsukuma, nikamwambia toka hapa unanikanyaga."

"Mama," Wilibrodi akasema, na sauti yake ya chini ilikuwa chini zaidi, "ukurasa nimeuhifadhi. Sasa inabidi niizime kabisa, ndipo ihame. Nikiizima, vile alivyoviacha mezani vitakunjwa. Ukurasa utabaki, lakini ile hali aliyoiacha yeye haitakuwapo tena. Nakuuliza kwanza."

Laptopu ilikuwa moto sasa, mimi mwenyewe niliiona inatetemesha herufi. Lakini alimwacha afikiri.

"Aliilaza ili aje aiamshe aendelee," Nalangu alisema. Akashusha pumzi. "Zima, kijana wangu. Amekesha sana."

Akaizima. Kompyuta ya ndani ikaaga kwa kamuziki kake ka zamani, ikatoweka, na baada yake laptopu yenyewe ikakata. Haijawaka tena mpaka leo. Lakini diski ilikuwa nzima, na mchana Wilibrodi akahamisha upya, safari hii akisoma kila mstari wa onyo kwa kidole, kama mama alivyosoma. Ilipofunguka kwenye programu mpya ukurasa ulikuwapo, wote, mpaka lile *pia*.

Tulimpigia Sintamei. Mama yake akamsomea. Binti akauliza, "Yuko hai?"

"Nani?"

"Ng'ombe, mama."

"Yuko hai. Ana mimba."

Ndipo tukasikia mtu mzima analia, huko Singida kwetu, na mimi nikaenda kukata kitambaa ambacho hakuna aliyeniagiza.

Neno la siri safari hii Wilibrodi hakulifuta. Nilimwambia amrahisishie mama, akasema si lake la kufuta. Kwa hiyo mpaka leo yeye hajui yule mwalimu aliitwa nani, na mimi sijui, na hatujauliza.

Desemba Sintamei alikuja likizo. Alishuka Karatu kukutana na mama yake waende wote Wasso, na Nalangu alikuwa amekuja na laptopu ili binti aione hapa hapa dukani, asisubiri mpaka nyumbani. Msichana mwembamba, viatu vya muuguzi, macho ya mtu aliyekosa usingizi njia nzima. Akaketi kwenye kiti changu chenye mto. Mashine ikauliza neno la siri. Mama yake akageuza uso kuelekea barabarani, Wilibrodi akageuza, na mimi nilitakiwa kugeuza pia, ila nimeshasema mimi napenda kuona. Sintamei akaandika, nikaona vidoti saba. Hicho tu ndicho ninachokijua kuhusu jina la Mwalimu.

Alisoma mara nyingi. Kisha akaweka kile kijiti mwishoni kabisa, baada ya *Nitamwambia pia*, akaweka vidole kwenye kibodi. Tulidhani ataandika. Hakuandika. Alikaa hivyo mpaka gari la Wasso likapiga honi stendi.

"Dada," Wilibrodi akasema, "nikuonyeshe namna ya kuizima vizuri?"

"Hapana, kaka. Nionyeshe alivyokuwa anailaza."

Nikamtazama Wilibrodi. Miaka yote hii amegombana na mji mzima kuhusu kulaza mashine. Akavuta kiti, akakaa kando yake, akamwonyesha.